Giaboksi ya otomatiki Pemba: Mtaji mkubwa unaolindwa na lita chache za mafuta

WAFANYABIASHARA wa Pemba wanaotumia gari dogo kama chombo cha kazi wanamiliki mali moja ambayo wengi hawaiingizi katika hesabu zao: giaboksi ya otomatiki. Tairi likiisha linaonekana kwa macho. Mafuta ya injini humwagwa kwa mazoea, na breki zikilia hushughulikiwa siku hiyo hiyo. Giaboksi hukaa kimya kwa miaka, na siku inapogoma husimamisha gari na biashara pamoja.

Kwa mwenye duka Chake Chake anayepeleka bidhaa vijijini, kwa mchuuzi anayefuata samaki Tumbe au kwa aliyeweka akiba yake katika gari la kukodisha, hasara ya giaboksi haiishii kwenye bei ya kifaa. Kuna siku za kusubiri kipuri kivuke bahari, kuna wateja wanaohamia kwa mwingine, na mara nyingi kuna deni lililonunulia gari ambalo halisubiri matengenezo.

Ripoti ya soko wiki hii inaitazama giaboksi ya otomatiki kwa jicho la mwenye mtaji. Jibu lake ni fupi: giaboksi nyingi zinazokufa mapema huuawa na joto, mafuta machakavu, mafuta yasiyo yake au maji, na yote manne yanazuilika kwa gharama ndogo kuliko ya kununua giaboksi nyingine.

Magari yamebadilika, mazoea hayajabadilika

Zanzibar ilipolegeza masharti ya biashara ya nje katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai na Mashariki ya Mbali ziliingia kwa wingi, na magari yaliyotumika Japani yakafuata. Mengi ya magari hayo madogo, yawe Toyota, Nissan, Suzuki au Mazda, yana giaboksi za otomatiki, kwa kuwa ndizo Wajapani wenyewe wanazozipenda kwa mwendo wa mijini.

Teknolojia yenyewe si ngeni. General Motors ya Marekani iliiuza kwa wingi kwa mara ya kwanza katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Japani nayo ikajenga viwanda vyake: kampuni ya Aisin-Warner iliundwa mwaka 1969 na Jatco mwaka 1970, na giaboksi zilizotokana na viwanda hivyo zimefungwa katika magari mengi yanayopita barabara zetu.

Lakini ufundi wa gereji nyingi za visiwani ulikulia kwenye gari la klachi, ambalo giaboksi yake hubeba mafuta mazito yanayosahauliwa kwa miaka bila madhara makubwa. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye otomatiki, mwenye gari hulipa.

Mafuta hufanya kazi nne

Katika gari la klachi, mafuta ya giaboksi hulainisha meno tu. Katika otomatiki, mafuta ndiyo mtambo wenyewe. Kwanza, yanabeba nguvu: kati ya injini na giaboksi kuna chungu cha chuma, ambacho mafundi hukiita konveta, na ndani yake upande mmoja husukuma mafuta yakauzungushe upande wa pili. Pili, mafuta hayo hayo yakisukumwa na pampu hupita kwenye vali na kubana pleti za klachi, na ndivyo gia inavyoingia. Tatu, hulainisha. Nne, hubeba joto na kulipeleka kwenye rejeta.

Ndiyo maana upungufu mdogo wa mafuta, ambao gari la klachi lingeuvumilia, katika otomatiki hushusha shinikizo. Shinikizo likishuka, pleti hazibani sawasawa. Zinateleza, zinachoma karatasi yake ya msuguano, na vumbi lake linaingia kwenye chujio na vali. Chujio likijaa, shinikizo linashuka zaidi. Ugonjwa huu hujilisha wenyewe, na ukishapita hatua fulani kubadilisha mafuta hakuuponyi.

Joto nalo lina hesabu yake. Mafuta ya giaboksi yamekusudiwa kufanya kazi karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi duniani ni kwamba kila ongezeko la takriban nyuzi 10 juu ya hapo hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Mafuta ambayo yangedumu miaka mitatu, yakipikwa kwa nyuzi 100 badala ya 80, umri wake huwa chini ya mwaka mmoja.

Mazingira ya Pemba

Asiyekijua kisiwa anaweza kudhani kwamba safari fupi ni nafuu kwa giaboksi. Kutoka Chake Chake hadi Mkoani ni takriban kilomita 30, na hadi Wete ni karibu kiasi hicho hicho. Lakini Pemba si tambarare. Barabara hupanda kilima na kushuka bondeni mara kwa mara, na gari lililobeba mzigo hubadilisha gia huku na huko njia nzima. Kila badiliko ni pleti kubanwa na kuachiwa, na kila mpando wa polepole ni joto ndani ya konveta.

Mzigo unaongeza tatizo. Msimu wa karafuu, gari lililotengenezwa libebe watu watano hubeba wachumaji, magunia na maji ya kunywa hadi mashambani. Barabara za lami zimeongezeka, zikiwemo tano za vijijini kaskazini mwa kisiwa, zenye jumla ya takriban kilomita 35, zilizojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008 hadi 2013. Hata hivyo safari nyingi huishia kwenye njia ya udongo, na wakati wa masika njia hiyo huwa tope. Tairi linalozunguka kwenye tope huku dereva akizidi kukanyaga mafuta linaweza kuchemsha giaboksi kwa dakika chache kuliko safari nzima ya lami.

Adui wa tatu ni chumvi. Anayepakia samaki pwani huacha maji yenye chumvi yatiririke chini ya gari, na mabomba ya chuma yanayopeleka mafuta ya giaboksi kwenye rejeta huliwa na kutu hadi yatoboke. Njia nyingine ya chumvi haionekani kabisa. Katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta yenyewe, yakitenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Mwenye gari anayejaza rejeta kwa maji ya kisima chenye chumvi, badala ya dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi, anauozesha ukuta huo. Siku unapotoboka, maji na mafuta huchanganyika. Mafuta hugeuka rangi kama maziwa yaliyotiwa sharubati, gundi inayoshika karatasi za pleti huachia, na giaboksi nzima hupotea kwa sababu ya dumu la maji la bure.

Maji yanaweza kuingia pia kwa juu. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Gari likipitishwa kwenye maji ya mafuriko yaliyozidi nusu ya tairi, giaboksi iliyo moto hupoa ghafla na kuvuta hewa ndani, na maji huingia pamoja nayo. Baada ya kadhia kama hiyo mafuta yakaguliwe kabla gari halijarudi kazini.

Kopo lipi linunuliwe

Dukani, mafuta yote ya giaboksi huonekana mamoja: mengi ni mekundu na kopo huandikwa ATF. Hapo ndipo fedha hupotea. Rangi ni rangi tu, iliyowekwa ili mtu asiyachanganye na mafuta ya injini. Kinachotofautisha kopo moja na jingine ni kipimo chake cha wepesi na dawa za msuguano zilizomo.

Kipimo cha Dexron kilianzishwa na General Motors mwaka 1967. Dexron III, iliyoenea sana katika miaka ya 1990, iliachwa kupewa leseni na kampuni hiyo mwishoni mwa mwaka 2006, ingawa mafuta yanayodai kufaa mahali pake yanaendelea kuuzwa. Toyota ilikuja na Type T-IV na baadaye WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na yenyewe inaelekeza kwamba moja lisitumike mahali pa jingine. Mitsubishi ina SP-II na SP-III, na Honda ilitumia Z-1 kabla ya kuhamia DW-1.

Kundi linalohitaji uangalifu zaidi ni la CVT. Giaboksi hii haina gia za hatua, ina mkanda wa chuma unaopita kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kusinyaa. Wazo lake liliingia sokoni na gari la DAF la Uholanzi mwaka 1958 likiwa na mikanda ya mpira. Leo CVT imo katika magari mengi yanayotoka Japani, yakiwemo Nissan X-Trail ya petroli ya kizazi kilichoanza mwaka 2007 na baadhi ya Toyota Vitz za kuanzia mwaka 2005. Mkanda wake hushika kwa msuguano wa chuma kwa chuma, na mafuta ya CVT yametengenezwa kuruhusu mshiko huo. Ukitia ATF ya kawaida mkanda huteleza, na magurudumu yake yakishachubuka hakuna mafuta yatakayoyarudishia uso wake.

Kanuni kwa mnunuzi ni nyepesi. Jina la mafuta lisomwe kwenye kijiti cha kupimia, kwenye kitabu cha gari au kwenye kibandiko, na kopo liwe na jina hilo hilo. Kauli ya muuzaji kwamba "yote ni haidroliki" isikubaliwe. Magari mawili yenye jina moja lakini ya miaka tofauti yanaweza kuwa na giaboksi tofauti: Toyota Ist ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ya magurudumu mawili ya mbele ilikuwa na otomatiki ya gia nne, na kizazi kilichofuata kikaingiziwa CVT.

Namna ya kupima

Katika magari mengi mafuta hupimwa injini ikiwa inaunguruma na gari likiwa limeshatembea likapata moto. Egesha pahali tambarare, vuta handibreki, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila nafasi kwa sekunde chache, kisha rudisha P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, kichomoe tena. Kiwango kiwe ndani ya alama ya moto. Magari ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa punde tu baada ya kupata moto, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho hakimu.

Magari mengi mapya hayana kijiti. Haya hupimwa kwa kufungua nati maalumu chini ya giaboksi mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda, ambalo kwa giaboksi nyingi za Toyota zinazotumia WS ni karibu nyuzi 40 hadi 45. Fundi asiye na kipima joto anabahatisha, na kuzidisha nako ni kosa: mafuta yakizidi hupigwapigwa na kutoa povu, na povu halina shinikizo.

Mafuta mazima ni mekundu au ya hudhurungi nyepesi na hayana harufu kali. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, pleti zimeanza kuteketea. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya bakuli la chini ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa jicho ni taarifa mbaya.

Ratiba na hesabu yake

Baadhi ya viwanda huandika kwamba mafuta ya giaboksi hayahitaji kubadilishwa katika matumizi ya kawaida. Maneno "matumizi ya kawaida" ndiyo ya kuangaliwa. Vitabu hivyo hivyo huwa na ratiba nyingine kwa gari la mizigo, la milima, la joto au la biashara ya abiria, na gari la kazi la Pemba lina angalau sifa tatu kati ya hizo. Kwa matumizi yetu, kubadilisha kila kilomita 40,000 ni kiwango cha busara, na kwa linalobeba mzigo kila siku kilomita 30,000.

Giaboksi nyingi za magari madogo hubeba lita 6 hadi 8, lakini ukifungua nati ya chini hutoka lita 3 hadi 4 tu. Zinazobaki zimo kwenye konveta na mabomba. Chukua giaboksi ya lita 7 inayotoa lita 3. Ukimwaga na kujaza mara moja, mafuta ya zamani hubaki asilimia 57. Mara ya pili hubaki asilimia 33, na mara ya tatu asilimia 19. Kwa giaboksi iliyotelekezwa muda mrefu, njia hii ya hatua tatu, gari likitembea siku chache kati ya kila hatua, ni salama kuliko kulisukumia mafuta mapya yote kwa mashine na kukoroga uchafu uliolala. Chujio na gasketi vibadilishwe bakuli linapofunguliwa.

Sasa tuweke fedha mezani. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji aweke bei za duka lake. Gari linatembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na linamwachia mwenyewe Sh 25,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva. Huduma ya giaboksi ina lita 4 kwa Sh 20,000 kila lita, chujio na gasketi Sh 60,000 na ujira wa fundi Sh 30,000. Jumla ni Sh 170,000. Ikifanywa kila kilomita 40,000, yaani takriban kila miezi 15, ni Sh 425 kwa siku ya kazi.

Upande wa pili, giaboksi iliyotumika iwe Sh 1,200,000, usafirishaji Sh 100,000, kuishusha na kuifunga Sh 200,000 na mafuta lita 7 Sh 140,000. Hiyo ni Sh 1,640,000. Ongeza siku 14 za kazi zilizopotea, Sh 350,000, na jumla inafika Sh 1,990,000. Fedha hizo zingelipia huduma 11 na chenji ikabaki, nazo zingelitosha gari hilo kwa zaidi ya miaka 13. Bei zikipanda au kushuka uwiano hubadilika, lakini ni vigumu kupata bei itakayofanya kuitelekeza giaboksi kuwa faida.

Mwenye gari la biashara anashauriwa kutenga fedha hizi kila siku, kama anavyotenga ya petroli. Zikisubiriwa zipatikane kwa mkupuo, huduma huahirishwa hadi giaboksi yenyewe iitishe.

Kabla ya kununua

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, na ukaguzi wa kufaa kwa barabara haufungui giaboksi. Mnunuzi ajikague mwenyewe, na kwa utaratibu huu.

Gari liwashwe likiwa la baridi. Muuzaji akilikuta limeshapata moto aulizwe sababu, kwani baadhi ya kasoro hufichika mafuta yakiwa na moto na nyingine hujitokeza hapo tu, hivyo hali zote mbili zionekane. Ukiwa umekanyaga breki, hamisha kutoka N kwenda D na kutoka N kwenda R. Gia iingie ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Injini ikivuma na gari likachelewa kujibu, shinikizo ni dogo au pleti zimekwisha.

Kisha gari lipelekwe mlimani, na Pemba milima haikosekani. Linapanda bila injini kupaa mbio huku mwendo ukibaki pale pale? Linabadilisha gia bila kutikisika? Kwa CVT, sikiliza mlio mkali unaopanda na mwendo na mtetemo wakati wa kuondoka. Taa ya O/D ikimweka yenyewe, kompyuta imehifadhi kosa na lisomwe kwa kifaa cha uchunguzi. Mwisho, tazama chini ya gari na ndani ya rejeta. Utando wa mafuta juu ya maji ya rejeta unatosha kuahirisha ununuzi.

Gari lililopunguzwa bei kwa kuwa "lina kasoro ndogo ya gia" lipigiwe hesabu kama gari lisilo na giaboksi. Punguzo likiwa dogo kuliko gharama ya giaboksi nyingine, rahisi imekuwa ghali.

Dereva naye ni gharama

Gari la biashara mara nyingi huendeshwa na asiyelimiliki, kwa hiyo maagizo machache yawekwe wazi. Kwenye mfululizo wa milima, O/D izimwe ili gia isipande na kushuka kila dakika. Mteremko mrefu ushukwe kwa 2 au L ili injini isaidie breki. Kuteremka na N kwa kudhani petroli inaokolewa ni hatari kwa breki, na injini ikizimwa kabisa pampu ya mafuta husimama na giaboksi huzunguka bila kulainishwa. R isiwekwe gari likiwa bado linakwenda mbele. Kwenye kilima, handibreki ivutwe kwanza ndipo P iwekwe, maana P hushikilia gari kwa kijino kimoja cha chuma. Utaratibu huo huo ufuatwe gari linapopandishwa melini Mkoani.

Otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, kwa sababu bila injini kuzunguka pampu haina shinikizo. Ikiharibika njiani isivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele au lipakiwe kwenye lori. Kuvuta gari hivyo hivyo kutoka Konde hadi Chake Chake kunaweza kugeuza hitilafu ya betri kuwa msiba wa giaboksi.

Ikigoma, maamuzi ni matatu

La kwanza ni kuhakikisha kwamba giaboksi ndiyo mgonjwa. Waya uliolika kwa chumvi, solenoidi moja iliyokufa au mafuta yaliyopungua vinaweza kutoa dalili kama za giaboksi iliyokwisha, na kila kimoja ni nafuu. Makosa ya kompyuta yasomwe kabla nati haijafunguliwa.

La pili ni kuifungua na kuijenga upya. Hili lina maana endapo pleti na sili za aina hiyo zinapatikana na fundi ameshaifanya kazi hiyo.

La tatu, ambalo ndilo la wengi, ni kununua iliyotumika kutoka Unguja au Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam. Namba ya aina ya giaboksi inayosomeka kwenye kibao cha gari ilinganishwe na ya inayonunuliwa, dhamana iandikwe kwenye risiti pamoja na idadi ya siku zake, na makubaliano yaeleze nani atalipa nauli ya kuirudisha ikikataa kufanya kazi. Dhamana ya siku saba kwa kifaa kitakachokaa siku tano kikisubiri meli ni dhamana ya siku mbili. Rejeta na mabomba visafishwe au vibadilishwe kabla ya kufunga, la sivyo uchafu wa iliyokufa utaiua iliyokuja.

Nafasi kwa mwenye mtaji mdogo

Kisiwa chenye zaidi ya watu 500,000 kwa sensa ya mwaka 2022, ambacho kila kipuri kikubwa hukifikia kwa bahari, kina nafasi ya biashara katika huduma hii. Mahitaji ya kuanzia si makubwa: shimo au jeki imara, kipima joto, kifaa cha kusoma makosa, chombo cha kupimia lita na akiba ya aina tatu au nne za mafuta yanayotumiwa na magari mengi ya eneo hilo, pamoja na chujio na gasketi zake. Vijana wanaomaliza vituo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Vitongoji, wanaweza kufunzwa kazi hii kwa muda mfupi kuliko kujenga giaboksi upya.

Faida ya biashara hiyo itategemea kumbukumbu. Gereji inayoandika kilomita, aina ya mafuta na tarehe ijayo katika daftari, kisha ikampigia mteja simu tarehe ikikaribia, itakuwa na wateja wa kudumu. Mafuta machafu yakusanywe kwenye mapipa. Yakimwagwa ardhini yatafuata maji hadi visimani na kwenye mikoko.

Kwa mwenye gari ambaye hajui mafuta ya giaboksi yake yalibadilishwa lini, kazi ya wiki hii inachukua dakika kumi. Asome jina la mafuta yanayotakiwa, achomoe kijiti au apeleke gari likapimwe, aangalie rangi na kunusa harufu, kisha aandike kilomita za leo kwenye daftari la biashara. Yakiwa meusi, mlango wa gereji ufuatwe kabla ya msimu wa karafuu. Gari likisimama katikati ya msimu, mzigo utabebwa na mwingine, na mteja aliyehudumiwa vizuri huwa hana haraka ya kurudi.